Mikonge Kumi na Moja

Nyamira,
9 Machi 2025

Mpendwa Baba Lewis,

Nisamehe kwa kukaa na barua yako miezi saba bila kuijibu. Ilifika Agosti, nikaisoma nikiwa nimesimama barabarani, nikaiweka ndani ya Biblia, na tangu hapo kila Sabato nikiifungua inaniangukia miguuni. Sina kisingizio. Nimechoka tu, na nilikuwa sijui niseme nini. Kwa Kigusii maneno yangekuja haraka, lakini ulisema askari lazima asome kila barua na yeye si wa kwetu, basi vumilia hiki Kiswahili changu cha darasa la nane.

Watoto ni wazima. Lewis yuko gredi ya pili, anasoma vizuri kuliko anavyoandika. Damaris anafika miaka mitatu mwezi ujao na haachi kuongea. Anajua ana baba kwa sababu nimemwambia. Juzi alimwonyesha mgeni bango la mtu wa kampeni kwenye mlango wa duka akasema, "Huyu ndiye baba yangu." Tukacheka wote, halafu mama yako akaacha kucheka kabla yetu.

Goti lake limekataa mteremko, kwa hiyo chai nachuma peke yangu. Kikapu ninakibeba mwenyewe mpaka senta ya kupimia chai.

Nimesoma vile ulivyobatizwa. Mzee Nehemiah aliitangaza kanisani na watu wakasema amina. Esnah alikuwa ameketi benchi la mlangoni, mahali anapoketi tangu tumzike mume wake Machogu. Hakusema amina. Alimshika mwanawe Mose mkono wakatoka, na wimbo wa kufunga ulikuwa bado.

Sasa unaniomba niende kwake nimwambie aseme familia yao imekusamehe, ili rufaa yako ya kupunguziwa kifungo ipite. Mogire, kutoka mlango wangu hadi wake ni hatua hamsini. Tangu siku ulipompiga ndugu yako na mpini wa jembe pale mpakani, hatujaombana hata chumvi. Nyumba mbili zikiwa na damu katikati, moto hauvuki, hukufundishwa hivyo na mimi. Leo unataka nivuke nikiwa nimebeba karatasi.

Nitajaribu. Lakini niambie kwanza, ulipokuwa umesimama ndani ya hayo maji, ulitubu nini? Ulitaja moja moja, au ulisema tu dhambi zangu zote?

Mkeo,
Linet

*

Gerezani,
30 Machi 2025

Mama Lewis, malkia wa nyumba yangu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Miezi saba! Wenzangu hapa walianza kuniambia umeolewa Suneka kwenu. Nikawaambia nyinyi hamjui Linet, yule hata chapati haimtoki mkononi kabla ya wakati wake.

Umeniuliza nilitubu nini. Mke wangu, ukiingia kwenye yale maji hutazami nyuma. Ni tanki la plastiki lililokatwa juu, tuliobatizwa tulikuwa tisa, na mimi nilikuwa wa mwisho, maji yalikuwa yamekuwa kama chai ya maziwa. Siku hizi wananiita Pasta Tanki. Mchungaji aliposema tumezikwa pamoja na Kristo nikahisi kitu kimekatika kifuani. Nilikuja juu nikilia. Mimi, Mogire, ambaye sikulia mahakamani. Nimekuwa kiumbe kipya. Ya kale yamepita, yametupwa kilindini na hakuna wa kuyavua.

Ndio maana nimetulia kuhusu rufaa. Mwezi wa saba afisa wa probesheni atakuja nyumbani, ni mwanamke, atauliza jamii inasema nini. Miaka tisa iliyobaki inaweza kuwa mitatu. Lewis atanipata akiwa bado mtoto. Lakini neno la Esnah ndilo kubwa. Mwambie mimi ni yule mwizi wa mkono wa kuume, aliyekumbukwa dakika ya mwisho. Yesu alinisamehe msalabani, yeye ni nani asinisamehe?

Nenda naye taratibu. Mpelekee hata ndizi.

Wako katika Bwana,
Mogire

*

Nyamira,
25 Mei 2025

Baba Lewis,

Nilienda. Ndizi sikupeleka. Nilimkuta anachambua mboga za sagaa mlangoni.

"Mama Mose, hujambo."

"Umepotea njia? Choo chenu kiko upande ule."

"Nimetumwa."

"Na nani, na yule mtakatifu?" Hakuinua macho. "Nasikia siku hizi anahubiri. Anahubiri habari gani, za jembe?"

Nikamwambia habari ya rufaa, na afisa, na ile ya mwizi wa mkono wa kuume. Alinisikiliza mpaka mwisho, hiyo nimpe. Akaweka sagaa chini, akajipangusa mikono kwenye leso.

"Mama Lewis, pole nimepewa na kila mtu, hata wale waliokuja kula tu. Sitaki pole. Kuua, alishafungwa kwa hilo, Serikali imemwona. Lakini Machogu alikufa akiitwa mwizi wa chai. Kanisa lilimtoa ushirikani, jina lake likafutwa kitabuni, na siku ya kumzika mzee wa kanisa alikataa kusimama. Walioimba ni majirani, na nyimbo zenyewe hawakuzijua. Unakumbuka?"

Nikasema nakumbuka.

"Basi mumeo aseme mikonge ya mpaka ilikuwa wapi kabla ya makambi. Aandike kwa mkono wake, isomwe kanisani, jina la mume wangu lirudi. Siku hiyo nitamwambia afisa amwachilie hata kesho yake, na kahawa nitampikia."

Hilo ndilo sharti lake.

Sasa nisikilize mimi, maana nimenyamaza miaka minne na mdomo umeniuma. Wiki ya makambi ya kanisa, Agosti ile, sisi wote tulienda, wewe ukabaki ukisema ng'ombe anakaribia kuzaa. Tuliporudi ng'ombe alikuwa hajazaa, na suruali yako ya kazi ilikuwa imeloweka kwenye karai. Wewe ambaye hujawahi kujifulia soksi. Kesho yake nikaenda kukata nyasi za ng'ombe, nikaona mikonge imelegea, na chini yake majani makavu ya ndizi yametandazwa vizuri kama mkeka. Mpaka ulikuwa umeingia kwa Machogu mistari mitatu ya chai.

Machogu alipolalamika ulimwambia anatamani vya nduguye. Alipoingia kuchuma mistari yake mwenyewe ukampeleka kwa wazee wa kanisa kama mwizi. Wazee walikuja mpaka jikoni kwangu. Mzee Nehemiah akaniuliza, "Mama Lewis, uliona mikonge ikihamishwa?" Nikasema sikuona kitu. Kusema kweli sikukuona ukiihamisha. Lakini niliona suruali.

Mistari hiyo ndiyo inanunua daftari za Lewis. Nimeichuma miaka minne. Kila jani.

Mimi sikubatizwa gerezani, nilibatizwa mtoni nikiwa na miaka kumi na minne, na nikasema uongo mbele ya kanisa nikiwa na ishirini na tatu. Kwa hiyo sikuandikii kutoka juu. Nakuandikia kutoka chini hapa. Andika, Mogire. Ni ukurasa mmoja tu.

Linet

*

Gerezani,
22 Juni 2025

Mama Lewis,

Barua yako askari aliisoma kabla yangu. Aliniletea akasema, "Pasta, nyumbani kuna mambo." Umeniaibisha. Kuna mambo mke anamwambia mume wakiwa wawili tu, na wewe unayaweka mikononi mwa watu.

Hata kama kulikuwa na hilo unalolisema, na sisemi lilikuwepo, mtu aliyelifanya alikufa. Alizikwa majini tarehe nne Agosti mwaka jana. Unataka nimfukue nimfanyie nini? Mungu mwenyewe amesema hatazikumbuka. Wewe na Esnah mnataka kumzidi Mungu kwa kumbukumbu?

Na umefikiria mama? Yeye ndiye aliyewaambia wazee kwamba baba aliigawa ardhi mbele yake na mikonge iko pale pale. Nikiandika unavyotaka nitakuwa nimemfanya mama mwongo uzeeni. Na mistari ikirudi kwa Esnah, watoto watakula nini? Kiumbe kipya pia ana watoto.

Nimeandika karatasi ya Esnah, nimeiambatanisha. Nimeomba sana kabla ya kuiandika. Msomee kwa upole.

"Kwa mpendwa dada katika Kristo, Esnah. Mimi na marehemu kaka yangu tulikosana kama binadamu. Shetani aliingia kati yetu. Sote wawili tulikuwa na makosa. Damu ya msalaba inatosha kwangu na kwake. Nakusamehe kwa maneno yote uliyonisemea, nami naomba unisamehe. Ndugu yako Mogire."

Wako,
Mogire

*

Nyamira,
20 Julai 2025

Baba Lewis,

Nilimsomea. Nilipofika pale "sote wawili" aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaichukua, akaikunja mara mbili, akanirudishia mkononi. "Anisamehe mimi," akasema. "Haya." Halafu akaniuliza kama Damaris alipona kikohozi. Hilo la kikohozi ndilo lililonimaliza.

Afisa alikuja Jumanne. Alikaa kwa Esnah kitambo kirefu, kwetu kidogo. Mama yako alimwambia wewe ni mwana mwema, umeokoka, na Machogu, ambaye pia ni mwanawe wa kumzaa, alikuwa na tamaa tangu utoto. Afisa akaandika. Akanigeukia. "Na wewe, mama?"

Nilimwambia nataka urudi. Ni kweli. Nachoka mpaka nasinzia nimesimama kwenye foleni ya senta, na Lewis ameanza kunijibu vibaya, na kuna siku nasikia kiatu mlangoni nadhani ni chako. Akaniuliza kama kuna jambo lingine. Nikasema lipo, lakini ni la mume wangu kulisema, na nimemwomba. Akaandika hilo pia. Kwa hiyo ukilisikia mahakamani usiseme umezungukwa.

Unasema wewe ni mwizi wa mkono wa kuume. Nimeisoma hiyo sura mara nyingi mwezi huu. Yule mwizi, kabla ya kuomba akumbukwe, alisema mambo mawili kwa mdomo wake, watu wote wakisikia. Alisema sisi tunastahili. Halafu akamwonyesha yule wa katikati akasema huyu hakukosa kitu. Wewe umeruka hayo yote ukaenda moja kwa moja kwenye paradiso.

Na yule wa katikati, Mogire, aliyetolewa nje ya mji akahesabiwa pamoja na wezi na hakuiba, kwenye boma letu ni nani? Si wewe. Wala si mimi. Yuko chini ya ule udongo karibu na mgomba, hatua hamsini. Sisi tulikuwa upande wa wenye nyundo. Mimi nilishika misumari tu, lakini niliishika.

Sisemi Mungu hajakusamehe, hiyo si kazi yangu. Nasema maji yanamzika mtu ili ainuke aende afanye jambo. Zakayo alisimama akataja atakachorudisha, na Yesu hakumwambia kaa chini, yamepita. Wewe unataka Jumapili ya kufufuka bila Ijumaa. Sisi wa Sabato tunapaswa kujua zaidi ya wengine kwamba katikati kuna Jumamosi nzima, na Jumamosi hiyo Yesu alilala kaburini na hakuna aliyekuwa na habari njema. Huko ndiko tuliko hapa. Mimi, Esnah, watoto wote. Sioni dalili ya kesho yake.

Rufaa ni mwezi wa tisa. Wiki saba zinatosha kwa ukurasa mmoja.

Linet

*

Gerezani,
14 Septemba 2025

Linet,

Nimekataliwa. Jaji alisema familia ya marehemu haijaridhika na kwamba mshtakiwa hajaonyesha kuelewa kosa lake kikamilifu. Alisoma kutoka kwa ripoti. "Mke wa mshtakiwa anasema lipo jambo." Watu wote wakanigeukia. Miaka tisa iko pale pale.

Umefurahi? Mke wangu mwenyewe. Wanaume hapa wana wake waliowaacha, hao nawaonea wivu, angalau wao waliachwa kimya kimya. Mikonge kumi na moja, Linet. Mikonge kumi na moja ya kuchomwa na jua ndiyo inawanyima wanangu baba. Usiniandikie tena habari ya mpaka. Hujui maana ya kuzaliwa mara ya pili kwa sababu hujawahi kufa.

Mogire

*

Nyamira,
23 Novemba 2025

Baba Lewis,

Nimesoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nikaweka kidole pale uliposema kumi na moja.

Mimi sikukuandikia ni mingapi. Mahakamani hakuna aliyehesabu, na wazee wa kanisa hawakuhesabu. Mpaka wote una mikonge zaidi ya thelathini. Nikamwacha Damaris kwa jirani nikaenda mwenyewe. Kuanzia jiwe kubwa hadi kwenye mto ndipo mstari unapojipinda, na iliyo kwenye huo mpindo nimeihesabu kutoka juu kwenda chini, na kutoka chini kwenda juu. Ni kumi na moja. Mtu aliyefanya hayo hajafa. Bado anakumbuka kila shimo.

Siku hiyo niliacha kuchuma ile mistari mitatu. Mama yako anateremka na goti lake kuichuma yeye, anashika miti ya chai kama mtu anayevuka mto, na hanisemeshi.

Sabato ya tarehe kumi na tano nilisimama kanisani wakati wa shuhuda. Sikuwa nimepanga maneno. Nilisema niliona suruali kwenye karai na majani ya ndizi juu ya udongo mpya, na kwamba wazee waliponiuliza nilidanganya. Nikasema Machogu hakuiba chai ya mtu. Hakuna aliyesema amina. Baada ya ibada Mzee Nehemiah aliniita kando. Nilimwonyesha barua yako. Akavaa miwani, akasoma, akasema, "Mama, umesikika, na utakaa nje ya ushirika kwa muda kwa ule uongo. Lakini hapa mumeo hasemi alihamisha. Jina la Machogu lilifutwa kwa neno lake, litarudi kwa neno lake. Baraza haliwezi kuandika kwa suruali."

Nimekubali kukaa nje. Naketi benchi la mlangoni sasa. Sabato iliyopita Esnah alisogea kidogo nipate nafasi. Nilipomwambia nasikitika nilichelewa, akasema, "Ulichelewa miaka minne, Mama Lewis, na yeye hasikii." Ni kweli, hasikii.

Jana mama yako aliniambia, kupitia Lewis, kwamba mwezi wa kwanza shule zikifunguliwa nisiwe hapa. Nirudi Suneka kwetu, watoto wabaki. Nimemjibu mwenyewe, mlangoni kwake, kwamba sitaondoka na watoto hawatabaki bila mimi. Sijui kama nitaweza kulisimamia hilo. Kwetu kaka ameshajenga pale nilipokuwa nalala.

Sitakudanganya kwamba naona mwanga mahali. Sidhani utaandika. Nadhani utaishika hii barua yangu mpaka ikuangukie miguuni, kama nilivyofanya na yako. Miaka tisa ikiisha utarudi umekuwa mhubiri, na kaburi la Machogu litakuwa limemezwa na magugu na bado anaitwa mwizi. Lakini nimechoka kuomba bila kusema naomba nini hasa, kwa hiyo naandika hapa chini. Askari akisoma asome, labda atakukumbusha.

Ninahitaji unitumie:

Barua moja kwa baraza la kanisa, kwa mkono wako, si ya kuandikiwa na chapleni, mchungaji wa gereza. Iseme ulihamisha mikonge kumi na moja wiki ya makambi ya mwaka 2021, kutoka wapi hadi wapi kwa hatua, na kwamba chai ya mistari mitatu ni ya Machogu. Jina lake liandikwe lote. Isiwe na neno Shetani ndani.

Barua ya pili kwa Esnah, fupi. Bila mstari wa Biblia hata mmoja. Usimwombe kitu.

Barua ya tatu kwa mama yako, kwa Kigusii, kama askari atakubali. Yeye hataamini mtu mwingine kuhusu wewe. Mwambie kwamba amezaa wana wawili.

Nakala ya kitambulisho chako, pande zote mbili, ili Damaris apate cheti cha kuzaliwa. Bila hicho shule haitamwandikisha.

Na saizi ya mguu wako. Lewis ananiuliza kila wiki miguu ya baba ni mikubwa kiasi gani, na mimi nimesahau.

Linet